Mtoto Ni wa Nani, na Angoje Mpaka Lini?

Kila anayeomba viza ya kuhamia Marekani hujaza fomu ya mtandaoni iitwayo DS-260. Kuelekea mwisho, fomu hiyo inageuka kuwa mahojiano ya dhamiri. Inataka kujua kama mwombaji amewahi kushiriki mauaji ya kimbari, kama amewahi kujiingiza katika ukahaba, kama ana nia ya kufanya ujasusi au hujuma akishafika. Haina umri wa chini. Mtoto wa wiki tatu hufunguliwa fomu yake mwenyewe, na mama hukaa mbele ya kompyuta, kichanga kimelala mapajani, akibonyeza "hapana" swali baada ya swali kwa niaba ya mtu ambaye shingo yake haijakaza.

Mtu anaweza kulipita jambo hili kama kawaida ya ofisi za serikali. Lakini maswali hayo yanamgusa mtoto mahali ambapo wanateolojia wangepatambua mara moja. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alieleza katika Maungamo yake jinsi alivyomwona mtoto wa kunyonya akimwonea wivu mwenzake waliyeshiriki ziwa moja, na kwa hilo akaona kwamba hata kichanga hakikosi doa. Waislamu hufundishwa kinyume chake: kila mtoto huzaliwa katika fitra, safi, wala habebi mzigo wa mtu mwingine. Umbali kati ya mafundisho hayo ni mkubwa, lakini yote mawili yanamchukua mtoto kuwa mtu kamili, mwenye nafsi yake mbele ya Mungu. Fomu nayo, kwa njia yake, inakubali hivyo: inampa faili lake, jina lake na namba yake. Taabu inaanza pale sheria inapoamua kama mtu huyu kamili ni wa wazazi wake au ni kesi inayojitegemea.

Chukua hali ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zinaifahamu. Mume ana grini kadi na anaishi Columbus, Ohio. Mke yuko Mombasa. Mume amemwombea mkewe kwa fomu ya I-130, na kesi imeingia daraja la F2A, la wake, waume na watoto wa wakazi wa kudumu. Daraja hilo lina kikomo cha viza kila mwaka, kwa hiyo wanasubiri tarehe yao ifikiwe katika taarifa inayotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mume anakuja likizo, mke anashika mimba, mtoto anazaliwa. Mpaka hapo sheria ina huruma. Mtoto anaingizwa katika kesi ya mama yake kama mtegemezi. Wanapeleka cheti cha kuzaliwa na pasipoti, wanalipa dola 325 za viza yake, na siku ya mahojiano anaingia ubalozini amebebwa na mama yake.

Kisha baba anafanya jambo ambalo kila rafiki amemshauri alifanye: anaapa kuwa raia. Kesi ya mke inapanda daraja papo hapo, kwa kuwa mke wa raia huhesabiwa miongoni mwa jamaa wa karibu kabisa, na hao hawana kikomo cha viza wala foleni ya tarehe. Ila daraja hilo halina wategemezi. Mtoto aliyekuwa ndani ya kesi ya mama yake anatoka nje siku ileile baba anapoinua mkono kula kiapo. Inabidi baba aanze upya: I-130 kwa jina la mtoto, dola 625 kwa njia ya mtandao au 675 kwa karatasi kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, halafu miezi ya kungoja, mara nyingi zaidi ya mwaka, kabla ya faili kufika Kituo cha Taifa cha Viza, kinachokusanya nyaraka kabla ya mahojiano. Baba amepanda hadhi, mama amesogea mbele, na mwenye umri wa miezi mitano ndiye aliyerudishwa nyuma.

Mambo yangekwenda tofauti kabisa kwa kubadilika tarehe moja tu. Kama baba angekuwa amekwisha kuwa raia kabla ya mtoto kuzaliwa, na awe ameishi Marekani jumla ya miaka mitano, miwili kati yake baada ya kutimiza miaka 14, mtoto angezaliwa raia wa Marekani palepale Mombasa. Wazazi wangepeleka ushahidi ubalozini na kumchukulia pasipoti, basi. Kama mama angekuwa amekwisha kupewa viza yake ya uhamiaji ndipo ajifungue, mtoto angesafiri na pasipoti na cheti cha kuzaliwa tu, kwa sababu kanuni zinamsamehe viza mtoto aliyezaliwa baada ya viza ya mzazi kutolewa na kabla mzazi hajaingia nchini. Na kama mama mwenyewe angekuwa na grini kadi, akaja nyumbani kujifungulia kwa mama yake, angeweza kurudi na mtoto ndani ya miaka miwili bila viza yoyote, mradi mtoto awe naye mara ya kwanza anaporudi. Sharti hilo la mwisho ni la kutisha kwa asiyelijua. Mama anayewahi kazini, akamwacha mtoto kwa bibi miezi michache ili apate nafasi ya kujipanga, akija kumchukua anakuta ule mlango umefungwa.

Damu ni ileile, ndoa ni ileile, na upendo haukubadilika. Kilichobadilika ni kalenda.

Wanafalsafa wa siasa wa zama hizi wamelijadili suala la uraia zaidi kama bahati ya mahali. Joseph Carens, katika makala yake ya mwaka 1987, alifananisha uraia wa nchi tajiri na hadhi za kimwinyi za Ulaya ya kale: mtu anazaliwa nayo, hajaitolea jasho, na inamfungulia au kumfungia maisha yake yote. Ayelet Shachar, katika kitabu chake cha mwaka 2009, aliuita uraia urithi wa mali unaopita kutoka kizazi hadi kizazi bila kuulizwa maswali. Matendo ya Mitume sura ya 22 ililiona jambo hilo mapema zaidi: jemadari aliyemshika Paulo anaeleza kwamba yeye aliununua uraia wa Kirumi kwa fedha nyingi, naye Paulo anamjulisha kwamba amezaliwa nao. Hoja hizi zina uzito, ila hazimfikii mtoto wa Mombasa. Kwake yeye, dola imekwisha kuamua kwamba baba ni wake na kwamba mama anakaribishwa. Hakuna anayebishana kuhusu mahali pake. Anachokosa ni tarehe nzuri ya kuzaliwa, na ni vigumu kupata nadharia ya haki, iwe ya kidini au ya kidunia, inayoweza kulisimamia hilo.

Pamoja na hayo, dola ina haki ya kuuliza. Watoto huibwa, huuzwa, hupitishwa mipakani na watu wanaojiita wazazi. Kuuliza "mtoto huyu ni wa nani?" ni kumlinda yeye kwanza, na ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka kila mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Ukiitazama njia ya kupata majibu utaona kazi ya uangalifu. Kwa mpiga picha, mtoto analazwa juu ya shuka jeupe; mama anachuchumaa pembeni akichezesha funguo ili afumbue macho, kwani picha inatakiwa ya sentimita tano kwa tano, nyuma peupe, bila mkono wa mtu kuonekana. Tanzania, tangazo la kizazi kutoka hospitali linapelekwa kwa wakala wa usajili, RITA, ligeuzwe cheti. Kenya, karatasi ya taarifa ya kuzaliwa inapelekwa kwa msajili. Chanjo zake zinakaguliwa kwa kadi ya kliniki, wala hapigwi picha ya kifua kama mama yake, maana yeye hajafikia umri huo. Na ofisa akibaki na shaka, anaweza kupendekeza kipimo cha DNA: kijiti cha pamba kinapitishwa ndani ya shavu la mtoto mbele ya shahidi, baba naye anatoa sampuli yake Marekani, na maabara iliyoidhinishwa inatakiwa kuonyesha uhakika wa asilimia 99.5 au zaidi.

Hapa sheria ya dini na maabara hazitembei njia moja. Katika fikihi, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, na mlango wa kumkana umefanywa mwembamba kwa makusudi ili heshima ya mtoto isiwe mchezo wa tuhuma. Maabara haijui ndoa, inajua chembe tu. Mtu angetegemea kwamba jibu baya la DNA ndilo mwisho wa mtoto huyo katika kesi. Sivyo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humtambua pia mtoto wa kambo, ikiwa ndoa ya mzazi wake ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo hata kipimo kikileta majibu ya kuvunja nyumba, mtoto bado ana njia, mume akiwa tayari kumwombea. Katika suala hili walioandika sheria walikumbuka jambo ambalo mafakihi walilikumbuka zamani: mtoto hapaswi kulipia ya wakubwa.

Basi swali la "ni wa nani" ni la haki, na lina jibu. Jibu linapatikana kwa siku au kwa wiki chache. Dhuluma ipo katika muda unaofuata baada ya jibu kujulikana.

Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao, na tangu hapo hakuna mtaalamu wa malezi anayeuchukulia mwaka wa kwanza kama wakati wa kupisha tu. Miezi kumi na minne kwa ofisa ni urefu wa kawaida wa foleni. Kwa mtoto, katika muda huo amekaa, ametambaa, amesimama, ametamka neno la kwanza, na amechagua mikono anayoikimbilia akiumia. Baba aliyeshuhudia yote hayo kupitia WhatsApp hatarudishiwa. Atakapompokea uwanja wa ndege, mtoto atalia, na atakuwa na haki ya kulia, kwani huyo kwake ni mgeni.

Mzigo mkubwa zaidi unamwangukia mama. Viza yake ikitoka, kwa kawaida haizidi miezi sita, na mara nyingi hupungua ili ilingane na muda wa vipimo vya afya. Ya mtoto haijatoka. Aende aingie nchini kabla haijaisha, amwachishe mtoto ziwa amkabidhi kwa bibi? Abaki, viza ife, aanze kulipa tena? Wengine huenda wakakanyaga tu, wakachukua muhuri na kurudi, kwa nauli ya mkopo. Suratul Baqara, katika aya ya 233, inazungumza na wazazi wenye mtoto anayenyonya. Inaweka miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza, na inakataza mtoto asifanywe sababu ya kumdhuru mama yake wala baba yake. Maneno hayo yalishuka kuhusu wazazi wanaoachana. Ni jambo la kusikitisha kwamba leo yanawafaa wazazi wanaopendana na wanaotafuta kuwa pamoja.

Yumo pia mama wa Musa. Biblia na Kurani zote zinamsimulia: mwanawe yuko mikononi mwa nyumba ya Farao, na yeye anaitwa kumnyonyesha kama mtu baki, kwa idhini ya ikulu. Kilichokuwa chake kwa uchungu wa uzazi alipewa kama kibali. Wasomaji wa visa hivyo kwa karne nyingi wamefurahia kwamba mtoto alirudi kwa mama yake, na wana haki ya kufurahi. Hata hivyo kisa kinaacha wazi jambo moja: ikulu ilikuwa na nguvu ya kukitoa kibali, lakini haikuwa ndiyo iliyomfanya mwanamke yule kuwa mama.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipata nafasi ya kulizungumzia hilo katika kesi ya Muñoz, Juni 2024. Sandra Muñoz, raia wa Marekani, alikuwa amenyimwa nafasi ya kuishi nchini pamoja na mumewe kutoka El Salvador. Wengi wa majaji waliamua kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzi wake wa kigeni kuingizwa nchini. Ndoa yake ni halali, ila mahali pa kuiishi ni hiari ya dola. Upande wa mikataba hali si bora. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka maombi ya kuunganisha familia yashughulikiwe kwa nia njema, kwa utu na kwa haraka. Marekani iliutia saini mkataba huo mwaka 1995 na haijauridhia mpaka leo. Somalia ilipouridhia mwaka 2015, Marekani ilibaki peke yake miongoni mwa wanachama wote wa Umoja wa Mataifa.

Ulaya iliwahi kufikiri kwa namna nyingine kabisa. Septemba 2000, mama kutoka China aliyejulikana mahakamani kwa jina la Chen alijifungua binti Belfast. Sheria ya Ireland ya wakati ule ilimpa uraia kila aliyezaliwa popote katika kisiwa hicho, kwa hiyo kichanga kikawa raia wa Ireland na wa Umoja wa Ulaya huku mama akibaki mgeni. Uingereza, inayotawala Belfast, ilikataa kuwapa kibali cha kuishi. Tarehe 19 Oktoba 2004, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mtoto ana haki ya kuishi nchini, na kwamba haki hiyo ni bure ikiwa anayemlea hawezi kuishi naye. Mtoto ndiye aliyekuwa na kesi, mama akaingia kama mlezi wa mwanawe. Ireland ilikuwa imekwisha kuufunga mlango huo kwa kura ya maoni ya Juni mwaka huohuo. Hata hivyo hoja ya majaji haikufutika: haki ya kichanga haisimami bila mikono inayombeba.

Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, imekwenda mbali kwa njia yake. Inampa uraia mtoto wa mama Mkenya au baba Mkenya popote anapozaliwa. Kisha inaongeza kwamba mtoto anayeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na asiyejulikana wazazi wala taifa lake, achukuliwe kuwa raia kwa kuzaliwa. Swali la "ni wa nani" likikosa jibu kabisa, nchi inajibu: ni wetu. Huo ndio uungwana ambao sheria inaweza kuufikia ikiamua.

Watetezi wa utaratibu wa Marekani watasema kwamba vikomo vipo kwa sababu nafasi ni chache. Kwa mtoto wa raia hoja hiyo haisimami, maana daraja lake halina kikomo. Hachukui nafasi ya yeyote. Watasema lazima pawe na mdhamini mwenye uwezo. Pawepo, na mtoto amekwisha kuhesabiwa: kwa viwango vya 2024, kipato kilichotakiwa kwa nyumba ya watu wawili kilikuwa dola 25,550, na wa tatu alikipandisha hadi 32,275. La kushangaza zaidi ni sheria iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza Februari 2001. Kwa mujibu wake, mtoto aliye chini ya miaka 18, anayeingia kama mkazi wa kudumu kuja kuishi na mzazi wake aliye raia, anakuwa raia siku hiyohiyo ya kuingia. Yaani mtu aliyengojeshwa mwaka na zaidi kama mgeni anayechunguzwa anageuka Mmarekani mara ofisa wa uwanja wa ndege anapompokea. Muda wote ule alikuwa raia aliyecheleweshwa.

Dawa si kubwa. Kifungu cha 203(d) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ndicho kinachowaruhusu wategemezi kusafiri na mwombaji mkuu katika madaraja yenye kikomo. Bunge la Marekani likikipanua kiguse pia jamaa wa karibu kabisa, mtoto wa Mombasa anabaki ndani ya kesi ya mama yake hata baba akiapa. Serikali yenyewe inajua kuna kasoro: miongoni mwa hali za pekee ambapo ofisi za ubalozi zinaweza kupokea I-130 moja kwa moja, bila kuipitisha Marekani, imo ya familia iliyokwisha kusafiri kwa mahojiano ikakuta kwamba aliyewaombea amekuwa raia na mtoto anahitaji ombi jipya. Anayestahili huruma kwenye dirisha la mwisho alistahili tangu mwanzo.

Kabla sheria haijabadilika, baba wa Columbus ana hesabu ya kufanya. Tarehe ya F2A ikiwa karibu, anaweza kuahirisha uraia mpaka mke na mtoto wameingia pamoja. Mtoto atakuwa raia siku baba atakapoapa. Akiwa amekwisha kuapa, apeleke I-130 ya mtoto wiki ileile cheti cha kuzaliwa kinapotoka, na mama asikimbilie kukamilisha nyaraka zake mpaka faili la mtoto lifike Kituo cha Taifa cha Viza. Mama aendelee kuwasiliana na kituo hicho, usipite mwaka mzima kimya, la sivyo kesi yake itaanza kufungwa. Kisha waombe Nairobi iwaite wote wawili siku moja.